Kwa nini kingamwili za Ebola hujaribiwa kwanza kwa kima

Kila mlipuko wa Ebola unapotangazwa tunaulizwa swali lilelile: aliyepona ana kingamwili damuni, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na kirusi, mbona asipewe tu mgonjwa? Jibu liko Kikwit, Kongo, ambako mwaka 1995 Ebola iliua watu wapatao 250 kati ya 315 waliougua.

Damu ya manusura wa Kikwit imetoa kingamwili mbili maarufu. KZ52 ilikidhibiti kirusi vizuri sana kwenye vyombo vya maabara, ikaokoa na simbilisi. Lakini kima wa aina ya rhesus walipopewa KZ52, ugonjwa uliendelea kama kawaida. Matokeo hayo yalichapishwa 2007. Simbilisi hafi kwa Ebola mpaka kirusi kizoeshwe kwanza mwili wake. Kima huuawa na kirusi kilekile kinachotuua sisi, na damu yake huvurugika kuganda kama yetu. Ndiyo maana tunamwamini zaidi.

Ya pili ni mAb114, iliyopatikana katika damu iliyotolewa miaka 11 baada ya mwenyewe kupona. Hii hunasa sehemu ile ambayo kirusi hutumia kujishikiza ndani ya seli, na haibanduki hata seli ikishakimeza. Kima walioanza kupewa siku ya tano baada ya kuambukizwa walipona, bila kuchanganyiwa dawa nyingine.

Hata hivyo, kima kupona hakutoshi. Dawa ya ZMapp, ambayo ni mchanganyiko wa kingamwili, iliokoa kima wote 18, wengine wakiwa wamefikisha siku tano za maambukizi. Katika majaribio ya 2018 na 2019 huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina, mashariki mwa Kongo, karibu nusu ya wagonjwa waliopewa ZMapp walifariki. Kwa mAb114 ilikuwa asilimia 35. Tofauti moja ni hesabu ya siku: za kima huhesabiwa tangu adungwe kirusi. Za mgonjwa huhesabiwa tangu homa ianze, na wengi walifika kituoni wakiwa na siku kadhaa za homa. Kila siku waliyokaa nyumbani iliongeza hatari ya kufa, kwa hiyo ukiwa na homa na uligusana na mgonjwa, nenda siku hiyohiyo.

mAb114 hutibu Ebola ya aina ya Zaire pekee. Septemba 2022, aina ya Sudan ilipozuka Mubende, Uganda, haikuwapo dawa iliyoidhinishwa. Mchanganyiko wa kingamwili uitwao MBP134, ambao umewakinga kima dhidi ya aina zote mbili, ndio tunaoufuatilia sasa kwa karibu.