Vyura wa miti mashambani: wanachokula na wasichokula

Dhana: Chura wa miti hutafuna majani ya mazao.
Hapana. Jani kwake ni mahali pa kuvizia. Matundu unayoyaona ni kazi ya viwavi, panzi na mbawakawa, ambao ndio chakula chake. Wanaokwangua mwani na mabaki ya mimea ni viluwiluwi, nao wako majini. Yupo chura mmoja wa Brazili, Xenohyla truncata, anayemeza pia matunda madogo, lakini huyo ni wa pekee.

Dhana: Hula wadudu waharibifu tu, na mbu kwa wingi.
Hachagui hivyo. Hutulia, kisha hunasa kinachosogea karibu na kinachoweza kuingia mdomoni: sisimizi, nyenje, nondo, mende, hata buibui ambao nao wangemsaidia mkulima. Ulimi umeshikizwa mbele ya taya, hivyo hufyatuka nje ukiwa na mate yanayonata. Hatafuni, meno madogo ya taya ya juu hushikilia tu, na macho huzama ndani ya kichwa kusukuma windo kooni. Kwa hiyo upana wa mdomo ndio kipimo cha windo. Chura aitwaye coquí, wa Puerto Rico, alipoenea Hawaii, matumbo yake yalipochunguzwa yalionyesha sisimizi na viumbe wadogo wa kwenye majani makavu, si mbu. Mthamini chura, lakini usimkabidhi peke yake kazi ya kulinda shamba.

Dhana: Anaishi juu, ya chini hayamhusu.
Hapa ndipo mashamba mengi yanapokosea. Usiku wengi hushuka kwenye vichaka vifupi kuwinda, na mawindo mengi huzaliana kwenye majani yaliyooza. Ukiua magugu yote kwa dawa mpaka udongo ubaki mtupu, umemnyima chakula. Kwenye michikichi, panga makuti yaliyokatwa katikati ya safu, usiyachome. Acha ukanda wa mimea kuzunguka madimbwi, na usinyunyizie dawa hapo: chura hunywa maji kwa ngozi ya tumbo, na sumu hupita njia hiyohiyo.

Dhana: Kujua alichokula lazima apasuliwe.
Si lazima. Kusanya kinyesi chake asubuhi juu ya majani, kiloweke kwenye maji, kitawanye taratibu kwa sindano, kisha tazama kwa lenzi. Mabawa magumu ya mbawakawa na vichwa vya sisimizi hubaki vizima. Viwavi laini huyeyuka karibu vyote, hivyo usipoviona usidhani havikuliwa.