Bill Dahlen, shotistopu aliyeachwa nje ya Cooperstown

Bill Dahlen alicheza misimu 21 katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani, kuanzia 1891 hadi 1911. Alianzia Chicago, akahamia Brooklyn mwaka 1899, kisha New York Giants mwaka 1904, halafu Boston, na akamalizia Brooklyn tena. Alifariki mwaka 1950, na hadi leo hayumo katika Ukumbi wa Heshima wa besiboli ulioko Cooperstown, New York. Nimezipitia takwimu za mashotistopu wa zama zile kwa muda mrefu, na sioni hoja ya kumwacha nje inayosimama ukiichunguza vizuri.

Kwa msomaji ambaye besiboli si mchezo wake: shotistopu ni mlinzi anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu. Wapigaji wengi hutumia mkono wa kulia na mipira yao huelekea upande huo, kwa hiyo yeye ndiye anayepata kazi nyingi kuliko walinzi wenzake wa ndani. Anatakiwa kuuokota mpira unaodunda ovyo na kuurusha hadi besi ya kwanza kabla mkimbiaji hajamaliza futi zake 90, yaani mita 27 na kidogo. Mtu wa kazi hiyo akiwa pia mpigaji mzuri, timu imepata hazina.

Dahlen alikuwa vyote viwili. Tuanze na ulinzi, maana ndiko anakoshambuliwa. Wapinzani wake hutaja makosa: zaidi ya 900 akiwa shotistopu. Ukilinganisha na wachezaji wa leo, hiyo ni aibu. Lakini kanuni ya 1895 ilitaka glavu ya mlinzi wa kawaida isizidi aunsi 10 wala inchi 14 kuzunguka kiganja, na wavu wa kamba kati ya kidole gumba na cha shahada haukuenea mpaka karibu 1920. Ilikuwa ngozi ya kukinga mkono tu, wala mpira haukunaswa ndani yake kama sasa. Viwanja vilikuwa na mabonde na kokoto. Mpira uleule ulitumika karibu mchezo mzima, hata ukiwa mweusi na umepoteza umbo. Dahlen alikamilisha bila kosa takriban asilimia 92.7 ya mipira iliyomfikia, na mashotistopu wenzake wa wakati huo hawakuwa mbali na hapo.

Kinachomtofautisha ni wingi wa mipira aliyoifikia. Alirusha mipira iliyowatoa wakimbiaji zaidi ya mara 7,500, na kuwatoa yeye mwenyewe zaidi ya mara 4,800. Kwa hesabu hii ya pili, miongoni mwa mashotistopu wote wa historia, ni Rabbit Maranville pekee aliyemzidi. Mchezaji mzito asiyeufikia mpira hahesabiwi kosa. Mpira unapita, mpigaji anaandikiwa hiti, yaani pigo lililomfikisha besi salama, na karatasi ya mlinzi inabaki safi. Anayejirusha akaugusa na kuupoteza ndiye anayeandikiwa kosa. Ukipima kwa makosa peke yake, unamwadhibu aliyefanya kazi zaidi.

Upande wa kupiga pana mitego, na wafuasi wake wanapaswa kuieleza wenyewe kabla hawajaulizwa. Mwaka 1894 wastani wake wa kupiga ulikuwa karibu .360, yaani hiti 36 kwa kila majaribio 100, akapiga homurani 15, mapigo yanayomzungusha mpigaji besi zote. Inavutia, ila mwaka uliotangulia mrushaji, anayemrushia mpigaji mpira, alikuwa amesogezwa nyuma hadi futi 60 na inchi 6, na warushaji walikuwa bado hawajazoea. Wastani wa ligi nzima mwaka 1894 ulifika .309. Basi ukimsifu kwa .360 bila kusema hilo, mjumbe wa kamati ya Ukumbi anayejua historia atakuacha palepale. Besi alizoiba, yaani alizozikimbilia bila mwenzake kupiga mpira, ni zaidi ya 540, lakini kabla ya 1898 mkimbiaji alihesabiwa ameiba hata aliposogea besi ya ziada kwa hiti ya mwenzake. Sehemu ya hesabu hiyo lazima ikatwe.

Kuna na upande wa pili wa mizani. Kuanzia 1901 ligi yake ilianza kuhesabu mipira iliyopigwa nje ya mstari kuwa straiki, ambazo zikifika tatu mpigaji hutolewa, na wastani wa kila mpigaji ukashuka. Dahlen alikuwa na miaka 31, nusu ya pili ya kazi yake ikiwa ndiyo inaanza. Hapo ndipo wastani wake wa jumla uliposhuka hadi .272, namba ambayo wapigakura wa zamani waliitazama wakafunga faili. Hawakutazama kwamba alipewa besi ya kwanza bila kupiga, kwa mipira minne mibovu, zaidi ya mara 1,000. Jumlisha hizo na hiti zake takriban 2,460, pamoja na mara alizogongwa na mpira, unaona alifika besi karibu asilimia 36 ya nafasi zake. Ukirekebisha kwa zama na viwanja, upigaji wake ulikuwa asilimia 10 hivi juu ya wastani wa ligi, wastani ambao ndani yake wamo wapigaji wazito waliowekwa uwanjani kwa kupiga tu. Mwaka 1904, zama ambazo mbio, yaani alama za mchezo, zilikuwa adimu, aliongoza ligi yake kwa mbio 80 zilizoingia kwa mapigo yake.

Mfululizo wake wa 1894 haujapata heshima yake. Alipiga hiti katika michezo 42 mfululizo, akakosa mmoja dhidi ya Cincinnati, kisha akaendelea kwa michezo 28 mingine. Mpaka leo waliompita kwa mfululizo mmoja ni Joe DiMaggio, Willie Keeler na Pete Rose tu.

Kipimo cha WAR, kinachokadiria ushindi ambao mchezaji aliiongezea timu kuliko ambavyo angeuleta mchezaji wa akiba wa kawaida, kinampa Dahlen takriban 75. Derek Jeter, shotistopu wa Yankees aliyeingia Ukumbini kwa kura 396 kati ya 397, ana takriban 71. Simaanishi kwamba Dahlen alikuwa bora kuliko Jeter. Makadirio ya ulinzi wa miaka ya 1890 yana ukungu mwingi. Mlinganisho wa haki zaidi ni shotistopu Joe Tinker, waliyekutana naye uwanjani. Tinker ana WAR ya 53 hivi, hiti zisizofika 1,700, na wastani wa .262. Aliingia mwaka 1946, akibebwa sana na shairi la gazeti la 1910 lililomtaja pamoja na wenzake wawili wa Chicago. Dahlen hakuwa na shairi.

Alikuwa na nini basi? Sifa ya ukorofi. Walimwita Bad Bill, alifukuzwa uwanjani na waamuzi mara nyingi mno, na alipenda mbio za farasi. Giants walipotwaa ubingwa wa dunia mwaka 1905, hakupata hiti hata moja katika fainali. Na kazi yake imekatwa katikati na mwaka 1900: wanaoenzi karne ya 19 humwona wa karne ya 20, na hawa nao humwona wa kale.

Alikaribia mlango mwaka 2012: kamati ya wajumbe 16 ilimpa kura 10, zikihitajika 12. Mwaka 2015 akapata 8. Mwaka 2021 hakuzidi 3, safari ambayo Buck O'Neil na Bud Fowler walipita, na kwa haki kabisa, kwani wachezaji weusi walikuwa wamezuiwa mara mbili, kwanza uwanjani kisha Ukumbini.

Njia iliyobaki ni ngumu zaidi. Kamati ya sasa ya zama za kale inachukua kila aliyetamba kabla ya 1980, na itakutana tena Desemba 2027. Wajumbe ni 16, kila mmoja ana kura 3, kwa wagombea 8. Wengi watakuwa wameshuhudia wachezaji wa miaka ya 1970 kwa macho yao. Aidha, tangu 2025 anayepata chini ya kura 5 hawezi kurudi mzunguko unaofuata, na likimtokea mara mbili anafungiwa moja kwa moja. Kwa hiyo kumtia kwenye orodha bila maandalizi kunaweza kumfungia kabisa. Mjumbe apewe kwanza ukurasa mmoja wenye ulinzi wa Dahlen kando ya ule wa mashotistopu Tinker, Maranville na Bobby Wallace, ambao wote wamo Ukumbini. Wastani wa .272 uje baadaye, ukiambatana na mipira minne mibovu na kanuni ya 1901.