Mifupa ya Baba Mkubwa: Koo za Kifalme za Waanglo-Saksoni na Watakatifu Wao

Pitia orodha ya watakatifu wa Uingereza wa kabla ya mwaka 1066, Wanormani walipoiteka nchi kutoka kwa Waanglo-Saksoni, utashangaa jinsi ikulu ilivyojaa humo. Chukua ukoo wa Anna, mfalme wa East Anglia (ndiyo, Anna alikuwa mwanamume), aliyeuawa na Penda, mfalme mpagani wa Mercia, miaka ya 650. Binti zake Seaxburh, Æthelthryth na Æthelburh wote ni watakatifu. Seaxburh aliolewa na mfalme wa Kent, akawazaa Ercongota na Eormenhild, watakatifu nao. Eormenhild akaolewa na Wulfhere, mtoto wa Penda yuleyule aliyemuua babu yake, akamzaa Werburh. Naye ni mtakatifu.

Wengi hujibu kwamba zilikuwa familia za wacha Mungu, basi. Sibishi uchaji wao, lakini kazi yangu ni kusoma vyanzo vya enzi hizo, na swali linalonisaidia zaidi ni hili: nani alifukua kaburi?

Roma haikuhusika. Mtakatifu wa kwanza tunayejua kwa hakika kwamba alitangazwa rasmi na Papa ni Ulrich wa Augsburg, mwaka 993. Kabla ya hapo mtu alitambuliwa pale mwili wake ulipoinuliwa kutoka udongoni na kuwekwa mahali pa heshima kanisani, waumini wakauendea kuomba. Sasa, kaburi lina mwenyewe. Monasteri nyingi zilisimama juu ya ardhi iliyotolewa na mfalme, na aliyeziongoza mara nyingi alikuwa binti yake au mjane wa ukoo. Akifa, kiti kinakwenda kwa dada au mpwa.

Monasteri ya Ely ni mfano mzuri. Æthelthryth aliolewa mara mbili, na Bede, mtawa wa Jarrow aliyemaliza historia yake mwaka 731, anasema alibaki bikira katika ndoa zote mbili. Mume wa pili, Ecgfrith mfalme wa Northumbria, alimwahidi Askofu Wilfrid ardhi na fedha nyingi amshawishi mkewe akubali unyumba. Haikusaidia. Mwishowe akamruhusu aende, akavaa utawa kwenye monasteri ya Æbbe, shangazi wa mumewe, kisha akaanzisha Ely. Alifariki mwaka 679 akiwa na uvimbe shingoni, akazikwa kwenye jeneza la mbao katikati ya watawa wengine, kama alivyoagiza mwenyewe.

Aliyerithi uongozi ni dada yake Seaxburh, na ni yeye aliyeamua, miaka 16 baadaye, kwamba mifupa ihamishiwe kanisani. Ely imezungukwa na maji na matope, mawe makubwa hakuna, hivyo ndugu wa monasteri wakatumwa kwa mashua. Kwenye magofu ya mji mdogo wakapata jeneza la marumaru nyeupe, na mfuniko wake. Hema likasimamishwa juu ya kaburi, watawa wanaume wakaimba upande huu, wanawake upande ule. Seaxburh akaingia na wachache, na ghafla akasikika akimtukuza Mungu kwa sauti: mwili haukuoza. Tabibu Cynefrith, aliyekuwa amelitumbua jipu lile siku chache kabla ya kifo, alikuwepo, akashuhudia kwamba jeraha alilolikata limebaki kovu hafifu tu. Angalia mpangilio huo: tabibu shahidi, jeneza tayari, umati nje, na dada ndani ya hema.

Kisa cha Bardney kina siasa zaidi. Mfalme Oswald wa Northumbria aliuawa vitani na Penda mwaka 642. Kichwa na mikono vikakatwa na kutundikwa mitini. Miaka ikapita, Osthryth, binti wa Oswiu mdogo wake Oswald, akaolewa na Æthelred, mtoto wa Penda. Malkia huyo akaipeleka mifupa ya baba yake mkubwa Bardney, monasteri aliyoipenda, ndani ya himaya ya mumewe. Watawa wakakataa katakata. Walijua Oswald ni mtu wa Mungu, lakini aliwahi kuwatawala akiwa mgeni, na kinyongo hakikuwaisha hata kwa maiti. Gari likalala nje limefunikwa hema. Bede anasema nguzo ya nuru ilisimama juu yake usiku kucha, ikaonekana karibu Lindsey nzima, eneo lenye Bardney, na asubuhi watawa wenyewe wakaomba waletewe mifupa. Juu ya kaburi ikatundikwa bendera ya mfalme, ya dhahabu na zambarau.

Mimi naiona hiyo kama suluhu iliyolazimishwa na mkaza mwana wa Penda: baba yake mkubwa amepigiwa magoti na mtoto wa adui aliyemkata kichwa. Si wote waliomeza. Mwaka 697 wakubwa wa Mercia walimuua Osthryth. Mumewe aliacha ufalme mwaka 704 na kuingia utawa Bardney palepale, akawa abate.

Ndugu wa kiume nao walijifunza. Mfalme Edward wa Uingereza aliuawa Corfe mwaka 978, na aliyefaidika ni Æthelred mwingine, mdogo wake wa baba mmoja, aliyerithi kiti. Mwaka 1001 Æthelred huyohuyo aliwapa watawa wa kike wa Shaftesbury, walioutunza mwili, ardhi ya Bradford-on-Avon, na hati yake inamtaja marehemu kuwa mtakatifu. Lakini ilipofika zamu ya Edward mwingine, yule mfalme aitwaye Muungamishi aliyefariki mwaka 1066, mambo yalikuwa yamebadilika: hata mfalme Henry II alilazimika kupeleka maombi kwa Papa Alexander III, na kibali kikatoka mwaka 1161.