Mazoezi na ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer: yanachobadilisha na yasichoweza kubadilisha

Familia zinapomleta mgonjwa kliniki, swali la kwanza kuhusu mazoezi huwa ni hili: "Akifanya mazoezi, kumbukumbu yake itarudi?" Jibu ni hapana, na huwa nalitoa mapema kwa makusudi. Nimeona familia zikianza kwa ari kubwa, mzee anatembezwa kila asubuhi, kisha baada ya miezi miwili zinakata tamaa kwa sababu bado anauliza swali lile lile tangu kunapokucha. Ukiwahoji vizuri, unagundua kwamba mzee huyo sasa analala usiku, jioni hahangaiki kama zamani, na anainuka kitini bila kuvutwa mkono. Hayo yote yalikuwa yametokea mbele ya macho yao, ila wao walikuwa wakisubiri kumbukumbu.

Ili kuelewa kwa nini iko hivyo, tuanze na ugonjwa wenyewe. Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza alichokiona katika ubongo wa mgonjwa wake aliyefariki baada ya kupoteza kumbukumbu na ufahamu. Leo tunajua kwamba protini mbili ndizo zinazohusika zaidi. Ya kwanza, amiloidi, hujikusanya nje ya seli za ubongo na kufanya mabonge. Ya pili, tau, hujisokota ndani ya seli na kuvuruga usafirishaji wa vitu ambavyo seli inavihitaji ili iishi. Uharibifu huu huanza kimyakimya, miaka mingi kabla ya mtu kuanza kupotea njia au kusahau majina ya wajukuu. Sehemu inayoumia mapema ni hipokampasi, iliyo ndani ya ubongo usawa wa masikio, ambayo kazi yake ni kupokea mambo mapya na kuyahifadhi. Ndiyo maana mgonjwa anakusimulia ya utotoni lakini hakumbuki kama amekula.

Ufundi wa mwili huhifadhiwa kwingine. Kutembea, kupiga makasia, kucheza ngoma, kurusha na kudaka mpira, haya hutegemea zaidi ubongo mdogo ulio kisogoni na vituo vya mwendo vilivyo katikati ya ubongo, na sehemu hizo huchelewa kuguswa. Mtu asiyeweza kukutajia siku ya leo anaweza kuudaka mpira uliorushwa kwake bila kufikiri. Kwa sisi tunaotibu, huo ni mlango ambao bado uko wazi.

Mazoezi yanaufanyia nini ubongo? La kwanza ni damu. Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia kama asilimia 20 ya oksijeni yote. Mishipa ikiwa migumu au imeziba, seli zilizokwisha kudhoofishwa na amiloidi na tau huteseka mara mbili. Wagonjwa wengi wenye umri mkubwa wana mchanganyiko huo: Alzheimer pamoja na madhara ya shinikizo la damu au kisukari kwenye mishipa ya ubongo. Mazoezi ya mara kwa mara hushusha shinikizo, husaidia mwili kutumia sukari vizuri na huifanya mishipa iwe laini. La pili ni kemikali. Msuli unapofanya kazi hutoa vitu vinavyosafiri kwenye damu, na mazoezi huuchochea ubongo utengeneze protini inayolisha seli za neva na kuzisaidia kuunganika. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba panya wenye ugonjwa unaofanana na Alzheimer waliofanya mazoezi walifanya vizuri zaidi kwenye majaribio ya kumbukumbu, seli mpya zilipozaliwa katika hipokampasi na protini hiyo ikaongezeka.

Binadamu naye? Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia wazee 120 wasio na ugonjwa huu. Nusu yao walitembea kwa kasi dakika 40, mara tatu kwa wiki. Wengine walifanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu. Baada ya mwaka mmoja, hipokampasi za watembeaji zilikuwa zimeongezeka kwa asilimia 2 hivi, na za wale wengine zilikuwa zimepungua. Habari hii imesambaa sana mitandaoni, na mara nyingi husimuliwa kana kwamba inawahusu wagonjwa wa Alzheimer. Haiwahusu. Waliopimwa walikuwa wazee wenye afya, na hilo nalisisitiza kwa sababu wako wanaouza matumaini kwa kutumia matokeo haya.

Kwa walio wagonjwa tayari, ushahidi una sura mbili, na familia ina haki ya kuziona zote. Uingereza iliwachukua watu 494 wenye dimenshia, yaani upungufu wa akili na kumbukumbu unaoletwa na Alzheimer na magonjwa mengine, katika hatua ya mwanzo hadi ya kati. Sehemu yao walipewa programu ya miezi minne ya mazoezi ya kutoa jasho na ya nguvu. Matokeo yalitoka mwaka 2018: miili yao iliimarika, lakini kushuka kwa akili hakukupungua. Ukiishia hapo utasema mazoezi hayana maana. Denmaki, mwaka 2016, wagonjwa 200 wa Alzheimer ya mwanzo waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likafanya mazoezi ya kutoa jasho saa moja, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 16. Kumbukumbu haikubadilika kwa kundi zima, ila dalili za kitabia na za hisia, kama vile wasiwasi na kukasirika, zilikuwa nafuu kwa waliofanya mazoezi. Ufini ilikwenda mbali zaidi kwa muda: wagonjwa 210 waliokuwa wakiishi nyumbani na wenzi wao, na waliopangiwa mazoezi wakayafanya mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima. Uwezo wa kujihudumia uliendelea kushuka kwa wote, kwa sababu ugonjwa haukusimama. Lakini kwa waliofanyishwa mazoezi nyumbani ulishuka polepole zaidi, na waliofanya mazoezi, nyumbani au kwa vikundi, walianguka mara chache kuliko wasiofanya.

Kuanguka ni jambo zito kuliko watu wanavyodhani. Nyonga ikivunjika, mgonjwa hulazwa mahali asipopajua, hupewa dawa za maumivu na usingizi, huchanganyikiwa, na wengi hawarudi katika hali waliyokuwa nayo. Kuepuka mvunjiko mmoja kunaweza kulinda akili ya mgonjwa kuliko jambo lingine lolote mnalomfanyia mwaka huo.

Sasa utekelezaji, na hapa ndipo wengi hukwama. Mgonjwa akiambiwa "twende mazoezi" husema hataki. Kukosa hamu ni dalili ya ugonjwa, hutokana na kuharibika kwa sehemu za ubongo zinazoanzisha matendo, wala si uvivu au ukaidi. Kubishana naye hakusaidii. Simama, mnyooshee mkono, anza kutembea naye; mara nyingi mwili hufuata pale ambapo maneno yamekwama.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la kuinuka kwenye kiti. Tafuta kiti imara chenye mikono, kiegemeze ukutani. Keti mbele yake, uso kwa uso, ufanye naye. Toa agizo moja tu kwa wakati, kwa maneno machache: "Sogea mbele." Subiri. Ubongo wake unaweza kuhitaji sekunde kadhaa kulipokea neno hilo, na ukilirudia haraka kwa maneno tofauti unamrudisha mwanzo. Kisha: "Miguu nyuma kidogo." Subiri tena. "Inama mbele, simama." Usimvute mikono, kwa kuwa ukimvuta hujiegemeza nyuma, na utaishia kumbeba. Akisimama, atulie kidogo kabla ya kuketi, kisha aketi taratibu bila kujibwaga. Mara tano zinatosha kwa kuanzia. Mapaja yanayofanya kazi hapa ndiyo yatakayompeleka chooni bila msaada.

Wakati wa kutembea, angalia jambo hili: ukimsemesha, je, anasimama ndipo ajibu? Ikiwa ndivyo, ubongo wake hauwezi tena kubeba mwendo na mazungumzo kwa pamoja, na yuko hatarini kuanguka. Tembeeni kimya, au imbeni wimbo anaoujua, kwani wimbo wa zamani hauhitaji kutafutiwa jibu na midundo yake hushikilia hatua.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza watu wazima, wakiwemo wazee, wafanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu na, kwa wazee, ya kuweka mizani ya mwili. Kwa mgonjwa aliyekaa muda mrefu, hicho si kiwango cha kuanzia. Anza na dakika tano au kumi, saa ile ile kila siku, wakati ana nguvu zaidi. Kwa wengi ni asubuhi, kwa sababu kuchanganyikiwa huzidi jua linapoelekea kuzama. Viatu viwe vimefungwa nyuma, visiwe ndala.

Kabla ya kuanza, mwone daktari, hasa ikiwa ana ugonjwa wa moyo au amewahi kuzimia. Mwonyeshe dawa zote. Donepezili, ambayo wagonjwa wengi wa Alzheimer huitumia, huweza kupunguza mapigo ya moyo, na dawa za shinikizo la damu huweza kumletea kizunguzungu anaposimama ghafla. Tena, huyu ni mtu ambaye huenda asiseme "naumwa". Mtazame usoni: akikunja uso, akishika kifua, akihema mpaka ashindwe kutamka sentensi fupi, au akianza kuchechemea, mketishe. Maumivu ya kifua, kupoteza fahamu au udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili ni mambo ya kumkimbiza hospitali saa hiyo hiyo.

Na mlipime zoezi kwa yale linaloweza kuyaleta. Andikeni kwenye daftari, mara moja kwa wiki: ameinuka mara ngapi bila kushikwa, ameamka mara ngapi usiku, ameanguka au hajaanguka, jioni alikuwaje. Mje nalo kliniki. Daftari hilo hutusaidia kuamua kama tuongeze, tupunguze au tubadilishe, na mara nyingi hutueleza mengi kuliko jaribio la kumbukumbu tunalomfanyia mgonjwa akiwa ameketi mbele yetu.