Mkulungwa si bosi

"Mkulungwa, twende?" Ndivyo alivyonipokea kijana wa bodaboda stendi ya Mtwara juzi, na mimi nimeshuka basi na begi la karatasi na viatu vimejaa vumbi. Kazi yangu ni kuhariri Kiswahili, kwa hiyo nilipanda huku nawaza neno badala ya nauli. (Nikalipa zaidi. Nadhani ndiyo kazi ya neno lenyewe.)

Siku hizi limeenea nchi nzima. Dar es Salaam mkulungwa ni mwenye pesa, mwenye cheo, fundi aliyebobea, au mteja tu anayebembelezwa. Lakini lina kwao, na kwao ni huku Kusini. Katika Kiyao na Kimakonde, -kulungwa ni "kubwa", na mkulungwa ni mtu mzima aliyekomaa, yule anayefuatwa shauri likiwa zito. Kiyao kina adabu nyingine ninayoipenda: mtu wa heshima husemwa kwa wingi hata akiwa peke yake. Babu mmoja akiingia uani, ni kama wameingia wengi.

Mzizi wake hauko mbali na sisi. Kiswahili kina tabia ya kuimeza l: Wanyanja wa Malawi husema njala, sisi njaa, kukula kwa wenzetu ni kukua kwetu. Hata "kuu" ilikuwa kulu, kama Wazulu wanavyomwita Mungu uNkulunkulu. Kwa hiyo mkuu na mkulungwa ni ndugu, ila mmoja aliondoka kijijini akaajiriwa.

Nasema akaajiriwa kwa sababu mkuu hutaka "wa" mbele yake: mkuu wa wilaya, mkuu wa shule, mkuu wa kituo. Akihamishwa, ukuu anauacha ofisini, anaukuta mwingine. Jaribu kusema "mkulungwa wa wilaya" uone watu watakavyocheka. Watajua unamsema mtu. "Mkubwa" nalo ni jepesi, unaweza kumwitikia "ndiyo mkubwa" mtu usiyempenda kabisa. Na "mimi ni mkulungwa" haisemeki hata kidogo. Hilo unaitwa na wengine.

Mwaka jana nilikuwa harusini Newala. Mshereheshaji, kijana aliyeletwa kutoka Dar, akashika kipaza sauti: "Wakulungwa wa meza ya mbele, simameni tuwaone!" Wakasimama vijana wanne wenye suti, korosho ziliwaendea vizuri msimu ule. Nyuma kabisa, chini ya mwembe, wazee wawili walikuwa wameshaanza kujiinua, mmoja ameegemea bakora. Walipoona meza ya mbele inapigiwa makofi, wakatazamana.

"Kaa, mwenzangu," akasema mwenye bakora. "Wanaitwa wajukuu."