Kwa nini sikati onyesho la Cinna

Kila ninapoongoza Juliasi Kaizari, ile tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri mwaka 1963 na kuirekebisha mwaka 1969, kuna mtu hunishauri nikate onyesho la tatu la tendo la tatu. Ni fupi, na anayeuawa humo hatumjui. Nakataa kila mara. Nimefundisha sanaa za maonyesho Dar es Salaam miaka mingi, na sijaona kurasa mbili zinazomjua binadamu kuliko hizo.

Ila haziumi mpaka hotuba mbili za msibani zisikilizwe kwanza.

Brutus, mmoja wa waliomuua Kaizari, mtawala wa Roma, anaanza. Anatoa hoja safi: alimpenda Kaizari, lakini aliipenda Roma zaidi. Umati unakubali, kisha raia mmoja anapaza sauti kwamba Brutus naye awe Kaizari. Hapo huwasimamisha vijana wangu. Mtu ameua ili pasiwe na mfalme, na haohao aliowaeleza sababu wanataka kumvika yeye taji! Hoja hawakuisikia, walimpenda msemaji.

Antony, rafiki wa Kaizari, anakuja na maiti ya Kaizari na joho lake. Kwenye mazoezi yetu Sinza joho ni shuka kuukuu la kitandani, nimelitoboa kwa mkasi. Mwigizaji anapitisha kidole tunduni: hapa Cassius alipitisha kisu, hapa Casca, hapa Brutus. Siku moja binti mmoja akaniuliza, "Mwalimu, huyu kajuaje tundu la nani ni lipi? Si Trebonius, mwenzao, alikuwa ameshamtoa pale kabla hawajamchoma Kaizari visu?" Nilifurahi mno. Ni kweli, Antony hakushuhudia. Na katika umati wote ule, hakuna anayeuliza alichouliza binti yule.

Kisha wasia wa Kaizari, drakma 75, fedha za kale, kwa kila raia. Umati unawaka, unataka kwenda kuchoma nyumba za wauaji, na Antony inabidi auite urudi: jamani, mmesahau wasia. Walishazisahau fedha zao wenyewe. Hasira ilikuwa imekwisha kuwa tamu kuliko fedha.

Ndipo anatokea Cinna, mshairi. Ameota anakula karamu na Kaizari, hana hamu ya kutoka, lakini ametoka. Raia wanamzunguka: jina lako nani, unakwenda wapi, unakaa wapi, una mke? Anawajibu kwa utani kidogo. Jina lake ni la mmoja wa wauaji. Anapiga kelele kwamba yeye ni Cinna mshairi, na mmoja anasema basi araruliwe kwa mashairi yake mabaya. Plutarch, mwandishi wa kale, alisimulia kwamba mshairi wa jina hilo aliuawa hivyo kweli, siku ya mazishi ya Kaizari, mwaka 44 KK.

Aliyekulia mjini hapa hahitaji kufafanuliwa. Nilikuwa na miaka 14, Manzese, niliposikia "Mwizi!" na kuona watu wakitoka madukani. Mmoja alipita karibu yangu na nusu tofali mkononi, akiuliza, "Kaiba nini?" Hakusubiri jibu. Yule kijana alikuwa anakimbilia daladala. Alipona, kwa sababu kondakta alimvutia ndani na kufunga mlango.

Wengi huliigiza onyesho hili kwa makelele tangu mwanzo, na hapo ndipo linapoharibika. Maswali yale ni ya ujirani, ndiyo tunayomuuliza mgeni barazani. Kwenye mazoezi ya juzi niliwaambia raia wangu wayaulize kwa upole, hata wacheke. Raia wa tatu akauliza, "Unakaa wapi, kaka?" kwa sauti nzuri kabisa. Cinna wetu akatabasamu, akaacha maneno ya kitabuni, akaanza kumwelekeza njia kuanzia kituo cha daladala. Ukumbi mzima ukanyamaza. Sikumkatiza.