Shampeni nyeupe, zabibu nyeusi

Wengi huamini mvinyo mweupe hutoka kwa zabibu nyeupe tu. Chukua zabibu nyeusi uimenye: nyama yake ni ya kijani kibichi hafifu, na maji yake karibu hayana rangi. Weusi umo kwenye ganda.

Bollinger, kampuni ya shampeni (mvinyo wenye mapovu) iliyoanzishwa mwaka 1829 katika mji wa Aÿ, Ufaransa, na ambayo bado ni mali ya familia, imejenga jina lake juu ya ganda hilo jeusi. Shampeni yake ya kawaida, Special Cuvée, ni nyeupe yenye udhahabu, ilhali asilimia 60 yake ni Pinot Noir, zabibu nyeusi kabisa.

Siri ni kukamua upesi lakini kwa upole. Sheria ya Champagne, eneo la Ufaransa inakotoka shampeni, inataka zabibu zichumwe kwa mkono, maana ganda likipasuka njiani rangi huvujia kwenye maji. Kilo 4,000 hutoa lita 2,550 tu. Anayekamua kwa pupa hupata rangi na ukakasi. Wa mvinyo mwekundu hufanya kinyume: huacha maganda yaloweke.

Mapovu huja baadaye, chupani, kwa sukari na hamira. Mjane Lily Bollinger alishika usukani wa kampuni hiyo mwaka 1941, wakati wa vita, akawa anakagua mashamba kwa baiskeli. Mizabibu aliyoikagua, kwa sehemu kubwa, ilikuwa ya zabibu nyeusi.